Sauti Niliyoisikia Mara Moja

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, nami nakusimulia wewe, mtoto wa jirani, kwa sababu sasa unajifunza uuguzi, na kile kifaa cha kusikilizia kifua kimeshaanza kukuvimbisha kichwa. Mimi pia kilinivimbisha.

Ilikuwa miaka ya vita hapa Kindu. Daktari wetu alikuwa amekimbia, nikabaki mimi, muuguzi kijana, peke yangu na wagonjwa. Binti yangu Sakina, mwenye miaka mitano, alishikwa na malaria, damu ikapungua, mwili ukawaka moto. Nilipomsikiliza nikasikia mvumo kati ya mapigo ya moyo. Nikaandika kwenye karatasi yake: moyo mgonjwa. Mama yake alikuwa ameshafariki, na sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Homa ilishuka, mtoto akainuka. Lakini sikumsikiliza tena. Watoto wa mtaa wetu mzima wa Mikelenge niliwarudia kuwasikiliza mara mbili, mara tatu, lakini wangu niliogopa. Nikamkataza kukimbia, kuteka maji, hata kucheza ngoma arusini. Alikaa mlangoni kwenye kiti kidogo akiwatazama wenzake, mpaka wakazoea kutomwita. Alipokua, mchumba aliyekuja nilimrudisha, nikisema uzazi utamuua.

Kisha akaja daktari mgeni na mashine ya kuonyesha moyo. Akamtazama Sakina kwa muda mrefu, halafu akacheka.

"Papa, moyo ya huyu iko muzima kabisa. Ni homa na kukosa damu njo vilileta ile sauti. Kwa watoto inatokeaka sana."

Sakina hakucheka. "Papa, kumbe nilikuwaka muzima siku zote?"

Mwezi uleule alipanda pikipiki kwenda mji wa Punia, na huko ndiko anakoishi. Hunipigia simu siku ya Idi tu. Kiti chake bado kipo mlangoni. Jioni hukikalia mimi, nikitazama watoto wa majirani wakikimbia. Upweke unaniuma, sikufichi.

Basi, mwanangu, ukisikia mvumo kwa mtoto mwenye homa, usimhukumu siku hiyo. Mtibu apoe, kisha msikilize tena, amelala na amekaa, na umwite aliyekuzidi uzoefu asikilize naye. Na yule unayeogopa kumsikiliza, huyo mrudie upesi. Mungu akutulizie sikio na mkono, na watoto watakaopita kwako warudi nyumbani jioni wamechoka kwa kucheza.