Karibu Kutoka Ndani ya Pipa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mashine ya mbao pale Makambako, nilivaa tai. Nilikuwa nimerudi kutoka migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na diploma ya mitambo, niliyojisomesha mwenyewe. Sikumjua mwenyeji mwingine wa nyanda zetu aliyekuwa nayo.

Bwana Meneja alinitazama juu mpaka chini. "Tai hiyo ivue, fundi. Mkanda wa mashine hausomi diploma."

Haukupita muda nikahamishiwa Njombe, kiwanda cha magome ya miwati, miti inayotoa dawa ya kutengenezea ngozi, niwe fundi mkuu. Magome yalikatwa ndani ya pipa la chuma, kubwa kama chumba, lenye visu vilivyozungushwa kwa mvuke. Nyinyi wa leo mnabonyeza kitufe. Sisi tulifunga koki ya mvuke, tukatoa mvuke uliobaki bombani, maana huo ndio unaoua, tukalizuia gurudumu kwa kabari, kisha nikatia kufuli kwenye koki. Ufunguo ulikaa shingoni mwangu. Kabla ya kuwasha, nyapara wetu, Mzee Mgaya, aliingiza kichwa mlangoni mwa pipa akabisha hodi. Kimya kikijibu, ndipo nilipofungua.

Asubuhi moja ya ukungu tulimaliza kunoa visu, tukaenda kunywa uji. Tuliporudi, Mzee Mgaya alibisha.

"Hodi!"

"Karibu," sauti ikaitika kutoka ndani.

Ilikuwa ya mwanamke, tulivu, kama ya mtu aliyeketi jikoni kwake. Kiwandani hapakuwa na mwanamke. Watu wangu wote walikuwa nyuma yangu.

"Mwangwi huo," alisema Bwana Mhandisi, mkubwa wa kiwanda. "Washa!"

"Mwangwi wa hodi ni hodi, Bwana. Si karibu."

"Toa kufuli, au utoke kiwandani kwangu!"

"Nitatoka, Bwana. Ila ufunguo natoka nao."

Mzee Mgaya alinishika mkono. "Usiingie, mwanangu. Hatumjui aliyekukaribisha."

Nikachukua taa, nikaingia. Chini ya visu alilala Mligo, mchochea moto wa zamu ya usiku, ambaye sote tulidhani yuko kwake. Tulipokuwa kwenye uji alipenya kwa tundu la chini la kutolea magome kukimbia baridi, kwa kuwa pipa lilipata joto kutoka tangi la kuchemshia. Alikuwa amejifunika gunia kichwani, amelala fofofo. Nilimtikisa sana kabla hajaamka. Hodi hakuisikia, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya ng'ombe.

Bwana Mhandisi hakunifukuza. Wala hakusimama tena karibu na pipa lile.

Nimestaafu, niko Mjimwema, katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Mke wangu ametangulia, watoto wako mbali. Hata hivyo kila nirudipo hubisha hodi mlangoni pangu, nikasubiri kimya, ndipo nifungue. Hiyo ndiyo kazi yote, vijana: kusubiri kimya.

Jana jioni nilibisha, nikaitikiwa. Sauti niliitambua: ile ile tulivu ya ndani ya pipa. Nikaurudisha ufunguo shingoni, nikaenda kulala kwa jirani.