Yatima wa Jukwaani

Juzi fundi wangu mmoja alikuwa anakwangua kutu kwenye waya wa chuma uliokazwa, kwa shingo ya chupa iliyovunjika. Aliiburuza polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, na waya ukalia. Haukupiga kelele, ulilia, kama mtu anayejizuia mbele ya wageni. Nikaweka simu mezani mteja akiwa bado anaongea.

Wafanyakazi wangu hapa Uvira, Kongo, wanajua kwamba bosi wao hashtuki ovyo. Mimi ndiye niliyerudi kutoka Amerika na diploma ya umeme, niliyoisomea jioni baada ya kubeba maboksi mchana kutwa, na duka hili hakuna mjomba wala mchungaji aliyelichangia hata msumari. Lakini chupa ikipita juu ya waya, mimi hurudi kuwa mtoto wa miaka kumi, nimeketi kiti cha nyuma cha gari la mama, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, imejaa puani.

Sauti ile ilikuwa ya dada yangu mkubwa, yaya Faida, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Kambini Tanzania, alikotukimbizia mama baada ya vita, alijitengenezea gitaa la debe la mafuta ya kula, akalitia nyaya za breki za baiskeli, akavaa shingo ya chupa kidoleni. Wazee wa kwaya walilalamika kwamba gitaa la Faida linalia badala ya kusifu. Mimi sikumbuki sana, nilikuwa na miaka mitatu alipoondoka kwenda Uingereza pamoja na Mama Sifa, mjane aliyekuwa jirani yetu. Nilipouliza kwa nini sisi tumebaki, nilijibiwa kwamba yaya ametangulia.

Zamu yetu ya wakimbizi kupelekwa ng'ambo ilifika baadaye. Tukapelekwa Louisville, Amerika, mtaa wa Iroquois, mama, mimi na Esta mdogo wangu. Yaya alipiga simu kila Jumapili, mama akaipokea jikoni na kufunga mlango. Kule Uingereza yaya alianza kwa kuwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Mzee mmoja alikuwa na gitaa na sahani nyingi za muziki wa bluzi, ule wa huzuni wa Wamarekani weusi. Siku moja alimwazima gitaa, akamsikia akipiga, akamwambia kwamba kitu anachopiga kina jina, na watu hulipa kukisikiliza. Akaanza kwenye baa, akaenda kwenye kumbi, akafika majukwaa makubwa, mpaka magazeti yakamwita mwimbaji wa bluzi wa Uingereza.

Nawaambia nyinyi mnaonisoma, hakuna mtoto aliyewahi kujivuna mtaa wa Iroquois kama nilivyojivuna mimi. Niliwaonyesha wenzangu wa kanisani video zake, nikasimulia kana kwamba gitaa lile nililipiga mimi.

"Muongo weye!" wakanicheka. "Yaya yako Mwingereza, na weye unakula fufu?"

"Mtaona," nikawaambia. "Anakuja Amerika. Nitapiga naye picha."

Kweli alikuja. Angepiga Columbus, kisha Buffalo. Mama aliomba ruhusa kwenye ghala la viatu alikofanya kazi, akamwacha Esta kwa majirani, akapika sombe, yale majani ya muhogo, na ndagala, akaifunga sufuria kwa taulo tatu. Alikuwa hajawahi kuendesha gari mbali kuliko kazini. Aliushika usukani kama mtu anayeshika mbuzi wa kuazima, na malori yalipotupita alisema, "Yesu, Yesu, Yesu." Aliniambia yaya anatungoja kwa hamu.

Columbus palikuwa na joto. Jukwaa lilikuwa katika bustani, watu wamekaa kwenye majani na viti vya kukunja. Yaya alitoka amevaa gauni la kitenge, gitaa la kweli mkononi, na alipolipiga mara ya kwanza nywele za shingo yangu zilisimama. Ndipo akaliacha lilie taratibu, akazungumza, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza.

"Baba alikufa njiani. Mama alikufa kambini. Sina kaka, sina mdogo. Nilibaki na gitaa la debe."

Watu wakashusha pumzi pamoja. Mwanamke aliyekaa mbele yetu akafuta machozi. Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, nikadhani anaomba.

"Mama, anasema tulikufa!"

"Ni wimbo tu. Sikiliza gitaa."

"Baba alikufa kweli. Lakini weye uko hapa!"

"Nimesema sikiliza gitaa."

Hatukumwendea siku ile. Tukaendelea hadi Buffalo, kwa mjomba Bahati, mdogo wake mama, aliyekaa karibu na Grant Street na kufanya kazi Cheektowaga. Mjomba alikuwa na mdomo usio na breki. Alinisikiliza nikisimulia huku akipakua sombe yake, maana mama alikubali kumpa kidogo.

"Bon," akasema, "donc, yaani hii bluzi ni muntu anakulilia na weye unamulipa? Biashara mzuri! Lakini dada, mutoto wako anakuzika kila siku mbele ya bazungu, na weye unamupelekea chakula?"

"Kula unyamaze, Bahati. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Mimi ningemupelekea sanduku ya maiti, niingie ndani, nimwambie: mama yako njo mimi huyu, maliza kazi!"

Nilicheka, mama hakucheka.

Kesho yake mchana yaya alipiga kando ya maji. Alisema maneno yaleyale. Alipomaliza, watu walijipanga foleni, simu zao zikipiga picha, mbele ya meza aliyokaa akiandika jina lake juu ya picha zake. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kukumbatia sufuria. Foleni ilisogea polepole. Sikutaka tena picha. Nilitaka kitu kimoja tu, yaya asimame mbele ya watu wale wote aseme, huyu ndiye mama yangu, yuko hai.

Tulipofika, yaya aliinua uso. Kalamu ikasimama. Aliitazama sufuria, akamtazama mama, akanitazama mimi. Midomo ikafunguka.

Bibi mmoja Mwingereza, msimamizi wake, aliona. Akauliza, "Mnafahamiana?"

"Ni mama yake!" nikapaza sauti kwa Kiingereza. "Mimi ni mdogo wake! Yaya, waambie!"

Kiganja cha mama kilinifunga mdomo. Kilinuka ndagala na mafuta ya kupaka. Nilimsikia akisema juu ya kichwa changu, kwa Kiingereza chake cha ghala: "Hapana. Simjui. Mtoto anapenda muziki sana, anaota. Samahani."

Yaya alifunga mdomo. Kisha akainama, akaandika jina lake kwenye picha, akanipa mimi bila kunitazama. "Asante kwa kuja," akasema.

Niliichana picha garini. Mama aliendesha, na sufuria ilirudi kwa mjomba ikiwa bado imefungwa. Louisville wenzangu walinipokea kwa kicheko cha miezi: "Iko wapi picha, Mwingereza?" Hapo ndipo niliapa kwamba sitategemea tena jina la mtu, langu nitalijenga mwenyewe. Nimelijenga, na aliye na shaka aje aone kibao mlangoni. Lakini msingi wake ni hasira. Kwa miaka mingi yaya alipopiga simu nilitoka nje.

Mama alinieleza nilipokuwa nafunga mizigo ya kurudi Uvira. Alikuwa anakunja mashati yangu.

"Yale maneno ya Faida, ni mimi nilimufundisha," akasema. "Mama Sifa alikubali kumubeba kama yatima mu karatasi zake za Uingereza, sababu sisi tulikuwa hatuna zamu. Kila asubuyi nilimuamsha: sema tena, mama alikufa kambini. Akilia, namurudisha mwanzo. Na sisi walipotuita, waliniuliza niko na batoto wangapi. Nikasema babili, weye na Esta."

"Na Buffalo?"

"Buffalo alikuwa anataka kusema ndiyo. Nilimuona mu macho. Mbele ya simu zote zile! Kesho watu wa serikali wangeuliza yeye alipita namna gani, na sisi tulipita namna gani, waturudishe kambini. Alinikatazaka kuja. Alisema, Mama, nikikuona nitashindwa. Mimi nikakuja."

Kumbe yaya hakunikana. Nimeihukumu kesi hii mara nyingi, mimi msomi, na kila mara mshtakiwa anageuka. Yaya alishika maneno aliyopewa akiwa mtoto. Mama alimzika mwanawe ili aishi, na akamzuia asifufuke hadharani. Siwezi kumlaumu yeyote kati yao, na bado naumia. Wao walikuwa na siri yao, na waliilinda pamoja, kila mmoja upande wake wa bahari. Mimi walinichukua safari nzima bila kunifundisha maneno. Kati yetu watatu mbele ya meza ile, ni mimi peke yangu niliyesema kweli, na ni mimi peke yangu niliyezibwa mdomo.