Sahani Iliyoangalia Kilima

Mimi ni mwanamke wa hasira, na hasira yangu hutangulia macho. Nasema hivyo mapema ili mtu asinihurumie.

Hapa Bunia nafanya kazi katika biro, ofisi ndogo inayopeleka interneti kwa antena za umbo la sahani, kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine, mpaka kwenye maduka na kituo cha afya cha upande wa Nizi. Zamani antena ikizimika, habari tulizipata kwa wateja waliopiga simu kututukana. Nikaamua kuchora ramani hai: kila chombo duara, kila njia mstari, yote kwenye skrini. Chombo kikiwa kizima, duara ni la kijani. Kikizimika, linakuwa jekundu. Lakini unapochora, programu inakuuliza swali moja: nani anambeba nani? Anayebeba tunamwita mzazi, wanaobebwa ni watoto. Mzazi akianguka, yeye peke yake anakuwa mwekundu. Watoto wanakuwa kijivu tu, maana kosa si lao. Ni mpango mzuri, ikiwa wazazi unawajua.

Mimi wazazi niliwatoa kwenye fardi, jalada la ofisini. Zilikuwa karatasi za fundi aliyenitangulia, mwandiko safi: kutoka biro unafika mlingoti wa Mudzipela, kutoka Mudzipela unafika ule wa kilimani, kutoka kilimani unaenda Nizi. Nilichora siku mbili nikiwa nimekaa, chai ya maziwa pembeni. Sikupanda mlingoti hata mmoja. Patron, mkubwa wetu wa kazi, alifurahi mpaka akanunua skrini kubwa, akaitundika mlangoni ili kila mgeni aione. "Muangalie kazi ya mama enjenia!" anasema, na mimi nanyoosha mgongo.

Mvua zilipoanza, duara la Mudzipela likawa jekundu. Likarudi kijani, kesho yake likawa jekundu tena. Nyuma yake kilima kijivu, Nizi kijivu. Muuguzi wa kule alinipigia simu akifoka: alikuwa anamwonyesha daktari wa Bunia mama mwenye mimba anayetoka damu, na mawasiliano yakakatika katikati ya maneno. Yule mama alipona, aksanti Mungu. Lakini kabla sijaiweka simu chini nilikuwa nimeshapata mkosaji.

Mlingoti wa Mudzipela ulikuwa na mlinzi, sisi tunasema sentineli. Mzee mmoja, mkulima wa Djugu aliyekimbia vita na mke wake na wajukuu watatu. Walikaa katika chumba kidogo chini ya mlingoti, chumba kilichokuja na kazi. Kazi ikiisha, chumba nacho kimeisha. Hilo nililijua vizuri. Nikapanda pikipiki, nikafika nawaka.

"Papa, kwa nini unazima betri ya antena?"

"Sijazima, madame. Angalia, taa iko inawaka."

"Umeiwasha sasa hivi, uliponiona!"

"Hapana, madame. Haijazimaka ata siku moja." Akainua kidole juu. "Ile sahani, tangu walijenga ile nyumba ya etaje pale mbele, fundi wa zamani alikuja kuigeuza. Haiangaliake tena ku biro. Inaangaliaka kilima. Labda muangalie kule kwanza."

Aa! Mkulima wa mihogo aje anifundishe kazi yangu?

"Weye unajua nini mambo ya rezo, ya mtandao wetu?"

"Sijue kitu, madame. Naona tu."

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Mimi sikuuliza, na nilipoambiwa bure sikuinua hata shingo. Ningeinua shingo tu! Sahani ilikuwa pale juu ya kichwa changu. Badala yake nikamwuliza kama anachaji simu kwenye betri yetu. Akainamisha macho.

"Yangu tu, madame. Mara moja moja."

"Basi mama mmoja amekaribia kufa ju ya simu yako," nikamwambia. Nikapiga picha ya ramani na duara lake jekundu, nikamtumia patron, na chini nikaandika: sentineli amekubali kosa. Wiki ileile patron akamfukuza kazi, wakatoka chumbani.

Wiki tatu baadaye, sentineli mpya yuko pale, hata simu hana, na duara likawa jekundu. Hapo nikapanda mlingoti mwenyewe. Kumbe kati ya mlingoti na biro imesimama ghorofa, ile nyumba ya etaje tatu, na sahani imeipa mgongo, inaangalia kilima moja kwa moja. Fundi wa zamani aliigeuza na hakuandika popote. Nikaenda kilimani, nikakuta betri ya kule imevimba. Siku ya mawingu, sola isipochaji vizuri, inakata. Kilima ndicho kilichokuwa mzazi, kikipokea toka biro moja kwa moja. Mudzipela alikuwa mtoto, naye alipaswa kuwa kijivu tu.

Kusahihisha ramani hakukumaliza hata nusu kikombe cha chai. Nilihamisha mstari mmoja. Patron akapita, akauliza nafanya nini, nikamjibu, "Naboresha ramani." Akanipigia makofi mbele ya watu. Nilisikia haya mpaka masikio yakawa moto, na bado nikanyamaza. Kosa langu la kwanza lilikuwa ujinga wa kiburi. Hili la pili nalijua jina lake, na silipendi.

Nilimpata yule mzee asubuhi moja pembeni mwa mji, kambini kwa waliokimbia vita, amekaa mbele ya hema anatia mpini kwenye jembe. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Hakuniacha nianze. Alisimama, akavua kofia.

"Madame, unisamehe. Sikujua kama simu kadogo vile inaweza kukata rezo ya wagonjwa. Yule mama mwenye mimba, alipona?"

Ee Mungu wangu. Wiki zote zile alikuwa ananiamini! Alilala chini ya turubai akijiona amekaribia kuua mtu, na maneno hayo nilimpa mimi.

"Alipona, papa," nikasema. "Na haikuwa simu yako. Sahani iko inaangalia kilima, vile ulisema. Ni mimi nilichora mubaya."

Akageukia hema, akaita: "Mama! Kuya usikie." Mke wake akatoka, mikono imejaa unga.

"Rudia, madame," mzee akasema. "Na sauti."

Nikarudia. Majirani wakageuza vichwa. Mke wa mzee hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Alifuta mikono kwenye kikwembe chake, akauliza:

"Na kule ku biro, wanajua?"

Hakungoja jibu. Akaingia hemani, akatoka na viatu vya mume wake, vile vyeusi vya kazi, bado vimepigwa rangi, akaviweka chini mbele yake.

"Vaa," akamwambia. "Madame atakupeleka. Kule pia atasema na sauti."

Mzee akainama, akaanza kufunga kamba, na mimi nikaenda kuigeuza pikipiki ielekee mjini.