Upepo wa Saa Kumi

Harufu ya majivu ya nyasi yaliyonyeshewa na mvua ya kwanza siivumilii hadi leo. Wafugaji huifurahia, kwa kuwa malisho mabichi yako njiani. Mimi huingia ndani nikafunga dirisha. Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na familia yetu ilikuwa imemaliza mwaka mmoja tu pale Kaniha, wilayani Biharamulo, chini ya mlima ambao wenyeji walikuwa na jina lake lakini sisi ulimi ulikataa, tukauita Mlima, basi.

Tulitoka Shinyanga, ambako nchi ni tambarare na mvua huwa na msimu mmoja. Huku misimu ilikuwa miwili, na Baba aliishangaa kama mtu aliyeletewa sahani ya pili bila kuomba. Mlima wenyewe ulilala upande wa magharibi, mrefu kuliko tulivyoweza kuona mwisho wake. Chini kulikuwa na miombo, kisha nyasi zilizompita mtu mzima kimo, na juu kabisa miamba na nyasi fupi, ambako wakati wa masika ukungu ulikaa hadi saa nne asubuhi. Kwa sababu ya mlima huo, jua letu lilizama mapema. Kwenye saa kumi kivuli kilianza kushuka mtelemkoni, na baridi ikashuka nacho, huku mashamba ya mbali bado yanawaka jua. Mchana kutwa upepo ulikuwa unapanda, tena kwa nguvu. Kilichotokea kivuli kikishashuka hatukuwa tumekichunguza, maana kwetu upepo ukishaamua njia ya kwenda, huenda.

Mama alikuwa amebaki Shinyanga akimuuguza bibi, kwa hiyo aliyenilea mwaka ule ni dada yangu Kabula. Hakupelekwa shule, naye ndiye aliyenipeleka kila asubuhi hadi njia panda, akinisuta kwa uvivu wangu wa kuoga. Baba alizungumza Kisukuma, hakujua Kiswahili zaidi ya shikamoo na bei za mnadani. Hivyo mimi nilikuwa mdomo wa nyumba. Jirani akija, naitwa. Kazi hiyo ilikuwa na hasara zake: siku jirani mmoja alipolalamika kwamba ng'ombe wetu wamelala kwenye maharage yake, nilitafsiri neno kwa neno, na Baba akanifokea mimi, kana kwamba maharage ni yangu. Tangu hapo nilijifunza kupunguza makali. Nilijiona mjanja sana.

Mwezi wa nane, nyasi zilipokuwa zimekauka, Baba aliamua kuchoma mguu wa mlima ili zichipue mpya kwa ng'ombe, kama tulivyofanya kwetu miaka yote. Alilima ukanda mpana chini ili moto usirudi nyumbani, akasubiri joto la mchana lipungue. Kabula alikwenda chini ya ukanda, kwenye korongo, kukata nyasi za kuezekea. Kwetu Shinyanga, nyuma ya moto ndipo mahali salama kuliko pote. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri.

Ndipo alipopita Bibi Laurencia, jirani yetu, Mhangaza aliyeolewa hapo kutoka Kanazi, mwenye shamba la migomba lililopakana na letu. Alitua mzigo wake wa kuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamtazama Baba aliyekwisha kuwasha mwenge wa nyasi mkononi.

“Mwambie baba yako asichome sasa,” aliniambia. “Kivuri kikishuka, upepo unageuka, unakuja huku chini. Angoje kesho asubuhi, umande ukikauka.”

Baba aliniuliza anasemaje. Nilimwona alivyokunja uso, mwenge unamwunguza vidole, na huyu ni mwanamke anamfundisha kuchunga. Nikajua atakayefokewa ni nani.

“Anasalimia,” nikasema. “Anakutakia kazi njema.”

Baba aliinamisha kichwa kwa heshima. Bibi Laurencia akaona amekubali, akajitwika kuni zake akaenda. Moto ulipanda vizuri kwa muda, nami nilipiga makofi. Kisha kivuli kikafika chini na moshi ukatugeukia usoni. Cheche ziliruka ukanda zikaangukia korongoni. Tulimsikia Kabula akiita mara mbili. Baba aliingia humo na kutoka na mikono ambayo haikupona sawasawa tena, lakini hakutoka naye akiwa hai.

Baada ya mazishi Baba alisema kwamba yule mwanamke alipita, akauona moto, akajua tabia ya mlima wake, akaishia kusalimia. Hakumwitikia salamu tena. Bibi Laurencia naye aliamini kwamba alimwonya mtu mkaidi, na kwa huruma hakutaka kumsimanga mfiwa. Walizeeka hivyo, migomba na zizi vikitazamana. Njia ya maneno kati yao ilikuwa mimi, nami nilinyamaza. Niliogopa nikiwa na miaka tisa, nikaogopa nikiwa na thelathini, mwalimu mwenye watoto wangu.

Siku hizi mlima wote umo ndani ya hifadhi ya taifa. Nyasi zimesimama, miti imeongezeka, na wageni huja kwa magari kuupiga picha. Askari wa hifadhi huchoma vipande vichache kiangazi kinapoanza. Huchoma asubuhi, umande ukishakauka.

Mwaka jana Bibi Laurencia alifariki. Nilikwenda nyumbani kwa ajili ya msiba, nikamkuta Baba ameketi uani, amekataa kwenda kuzika. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia yote. Nililia kwa kelele kama mtoto. Yeye hakulia, wala hakufoka, na ningeomba afoke. Kivuli kilifika miguuni kwetu.

“Alisemaje?” akaniuliza. “Niambie kama alivyosema.”

Nikamtafsiria kwa Kisukuma, neno kwa neno, bila kupunguza kitu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono yake yenye makovu juu ya magoti, na nilipomaliza hakunijibu mimi, aliigeukia migomba ya jirani.

“Asante, mama,” alisema. “Nimesikia. Nitangoja kesho.”