Kimondo cha Shangazi Nyamoita

Shangazi yangu Nyamoita aliolewa Marani na Angwenyi, na kwa muda wote aliokaa kule hakuna aliyewahi kumwita mama fulani. Hakujaliwa mtoto. Alilima, akachuma chai, akaimba kanisani kila Sabato, na mama mkwe wake Bathsheba akaendelea kumtazama kama mgomba usiozaa.

Mwaka 1971, jua likiwa la utosi, kitu kilivuma angani kikaanguka katikati ya migomba yake. Alikuta shimo, na ndani yake jiwe jeusi, zito ajabu. Akamwita jirani, Mwalimu Cleophas. Mwalimu akalifunga jiwe kwa koti lake, akapitia sokoni, na badala ya kusema na watu kwa lugha waliyonyonya kwa mama zao, akachagua Kiswahili cha vitabuni. Alipenda mno kuonekana msomi, bwana yule.

"Kimondo kimeanguka kwa Nyamoita!" alitangaza. "Nakipeleka Nairobi kwa wataalamu."

Akapanda basi, akaenda zake.

Nani pale sokoni alilijua neno hilo? Kwetu mtu ni omonto. Masikio yakasikia kimonto, kijitu. Kijitu kimeanguka kwa mwanamke tasa, kimefungwa kwa koti! Wakakimbilia shambani, na walichokuta ni shimo jipya, tupu, la kumtosha mtoto mchanga.

"Ni jiwe!" shangazi alilia. "Limetoka juu!"

"Mawe yameanza kutoka juu lini?" Bathsheba akamjibu. "Umetupa mtoto wa Angwenyi, mchawi wewe!"

Angwenyi alinyamaza. Mimi kwa hilo sitamsamehe. Shangazi alirudi kwetu Nyamira na nguo alizovaa tu, na kule Marani wakaoa mwingine.

Mwalimu alipokuja kutuona, mke yule mpya alikuwa tayari na mimba. Mwalimu aliketi kwenye kigoda akaanza darasa: kimondo ni jiwe la angani, huwaka likishuka, ni nadra sana kulipata.

"Hata Marani nimewaeleza, mama. Sasa wameelewa."

Shangazi alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Kwa hivyo ni rigena," alisema. Ndivyo sisi tunavyoliita jiwe, hata mtoto anayetambaa analijua.

"Ndiyo, mama. Ni rigena tu."

"Na siku ile pale sokoni, mwalimu, hilo neno lilikuwa limekushinda kusema?"