Pilipili Katika Gundi ya Séphora

Watu walipomuuliza Séphora siri ya picha zake, aliwajibu kwamba ni pilipili, nao wakacheka wakidhani anawatania. Hakuwa na utani wowote. Gundi yake aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, na kabla haijapoa aliitia pilipili kali iliyosagwa, kwa maana mende wa mtaa wao wa Bungulu wanaipenda gundi ya muhogo kupita kiasi. Picha zake zilikaa ukutani miaka kumi na mende hawakuzigusa.

Alikuwa akichora kwa ajili ya shule ya Jumapili ya kanisa lao pale Beni. Alikata makatoni ya sabuni, akachora kwa mkaa, kisha akaanza kubandika. Nyekundu yake ilikuwa vumbi la matofali. Kahawia yake ilikuwa kahawa iliyochemka mpaka ikawa nzito, na ngozi ya tembo wake aliitengeneza kwa maganda makavu ya mgomba. Rangi nyingine zote zilitoka kwa mafundi cherehani, waliomwekea vipande vya vitenge. Hakuanza na wazo, alianza na kitambaa. Aliweza kukigeuza kipande kimoja mkononi asubuhi nzima, na mumewe Luc, mwalimu wa shule ya msingi, akipita humuuliza:

"Leo kitambaa kimekubali kuwa samaki, ao kingali kinataka kuwa ndege?"

Luc huyo alikuwa na shati moja alilolipenda kuliko nguo zake zote, la miraba ya kijani na nyeupe. Fundi alipolishona alibakiza kipande cha upana wa viganja viwili, na Séphora akakifanya paa la safina ya Nuhu. Picha ile ikawa kubwa na nzuri kuliko zote. Watoto wa kanisa waliita paa lile "shati ya mwalimu", na Luc alivimba kichwa kama vile yeye ndiye aliyejenga safina.

Mwaka wa 2000 Luc alipanda pikipiki kwenda Mutwanga kutafuta maharagwe, amevaa shati lile. Siku hizo kila kilima kilikuwa na jeshi lake. Walimsimamisha njiani, dereva wa pikipiki akakimbilia porini, na Luc hakurudi. Miezi michache baadaye nyumba yao iliporwa, nguo zake zote zikaenda na magodoro. Picha waporaji hawakuzitaka. Basi kwa mume wake Séphora alibaki na paa la safina tu, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alilipitishia kidole.

Gracien, mdogo wa Luc, ndiye aliyekuwa nguzo yake. Alikaa Butembo, akifanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu kwenye forodha ya Kasindi, mpakani na Uganda, na kila alipopita Beni aliacha chumvi, mafuta na pole. Siku moja alisimama mbele ya safina muda mrefu.

"Shemeji, hii picha iko muzuri sana. Nipatie, niipeleke Kampala. Batafanya nayo kalandrie ya kanisa, na jina yako chini."

"Ile paa ni shati ya Luc, Gracien. Unajua."

"Ni ndugu yangu! Miye naweza poteza shati ya ndugu yangu?"

Angeweza kumnyima nani, kama si huyo? Alimpa. Baada ya miezi mitatu Gracien akairudisha. Kalenda haikutoka, alisema, mambo ya vita, lakini alimletea zawadi: picha ilikuwa ndani ya fremu ya mbao, imefunikwa kioo.

"Usifungue kioo, shemeji. Vumbi itaingia."

Séphora alilia kwa furaha. Katika maisha yake hakuna mtu aliyekuwa ameiwekea picha yake kioo. Kidole chake sasa kilipita juu ya kioo, na akajizoeza hivyo.

Mwaka wa 2003, vita vilipopoa kidogo, watu waliokuwa wakifungua shamba upande wa Mutwanga walikuta mifupa. Kanisa likaita familia zilizopoteza watu kwenye barabara ile. Séphora alipanda pikipiki, fremu ikiwa imefungwa kwa kitenge mapajani, na Gracien akaja kwa pikipiki ya nyuma. Mzee wa kanisa mmoja, Kasonia, aliwaonyesha vitu vilivyopangwa juu ya turubai. Katikati ulikuwepo mkono wa shati. Rangi ilikuwa imekwisha, lakini miraba ilionekana bado.

Séphora alipiga magoti kando ya turubai. Alikuwa mtu wa kazi yake, hakuyaamini machozi, aliamini kitambaa. Aliweka fremu karibu, akahesabu. Katika mkono wa shati, kila mraba mweupe ulipitiwa na nyuzi tatu nyembamba. Kwenye paa la safina nyuzi zilikuwa mbili. Alihesabu tena, mraba kwa mraba, huku Gracien amesimama nyuma yake akishika kofia.

"Hapana," akasema. "Haiko yeye."

"Una hakika, mama?" Kasonia akauliza.

"Kitambaa yake ni hiki," akagusa kioo. "Haiko yeye."

Waliokosa wa kuwatambua walizikwa pamoja jioni ile katika shimo moja, bila jina. Séphora aliimba pamoja na wengine, akiwahurumia wake za watu hao. Gracien alilia sana mpaka watu wakamshika, Séphora akiwa mmoja wao.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Séphora alikuwa akifagia alipoona unga mweupe chini ya fremu. Akainua macho. Nyuma ya kioo mende wawili walikuwa wakitembea juu ya safina bila wasiwasi, na nusu ya twiga ilikuwa imeliwa. Akatazama picha nyingine ukutani, zile kuukuu, zisizo na kioo. Nzima zote. Alivunja kioo kwa mpini wa ufagio, akatia ulimi kwenye gundi. Ilikuwa gundi tupu. Hapakuwa na pilipili hata kidogo.

Aliketi chini katikati ya vipande vya kioo. Hakufikiria picha. Alifikiria nyuzi tatu za ule mkono wa shati.

Kesho yake alisafiri mpaka Butembo, akamkuta Gracien mezani kwake, akaweka mbele yake kile kipande cha paa chenye nyuzi mbili.

"Nani alifanya hii?"

Gracien alijaribu kucheka, kisha akaacha. "Abdias, mwenye kuandikaka vibao vya maduka. Kuko mutu alipita Kasindi, alipenda sana ile yako, nikamuuzishia... Nilifikiri hautajua, shemeji. Kitambaa nilitafuta mwenyewe ku soko, nilichagua yenye kufanana."

"Siku ya Mutwanga ulisimama nyuma yangu."

Gracien akavua kofia, akaishika.

"Nilikuwa nahesabu. Uliona nahesabu ku picha ya Abdias."

"Nilikuwa na haya. Batu bote balikuwa pale. Ningesema namna gani?"

"Ile shati ulijua ni yake?"

Aligeuzageuza kofia ileile. "Nilijua."

Séphora alikuwa amekuja na maneno mengi. Njia nzima aliyapanga, na sasa yote yalionekana madogo. Huyu hakuiba picha tu. Alikuwa amemwacha akatae mume wake kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, kisha amwimbie kaburini kama mgeni.

"Luc alikuwa ndugu yangu," Gracien akasema. "Na miye nililia, shemeji. Uliniona."

"Nilikuona," akasema Séphora. "Ulilia sababu ulijua nani banafukia. Miye nilikushika mukono, nikakupa pole."