Saa ya Kompyuta Niliyoirekebisha

Juzi niliingia ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma, nikamkuta bosi wa pale, rafiki yangu, anamfokea karani wake. Lori la nyanya lilikuwa limezuiwa mpakani kwa sababu karatasi zilionyesha limeruhusiwa kuondoka kabla halijakaguliwa.

"Umeghushi, dada. Leo unarudi kwenu Isansa."

"Bosi, sijaghushi. Saa ya kompyuta imebadilishwa," alijibu.

Nikachangia bila kuombwa: "Kompyuta haijibadilishi yenyewe, dada. Kuna mtu."

"Basi tumtafute," akasema.

Fundi alikuwa amewawekea programu inayoandika kila mpangilio unapobadilishwa, lini, na kwa jina gani la kuingilia. Dada akaifungua, akatugeuzia kioo. Saa ilirudishwa nyuma asubuhi ya siku ile ile, na aliyeirudisha aliandikwa "mgeni".

Bosi akanitazama. Asubuhi nilikuwa nimeazima kompyuta hiyo kuchapa makala ya safu hii. Nikaona saa yake imeitangulia simu yangu kwa saa nzima, nikairekebisha, nikajipongeza kwa wema. Kumbe simu ilikuwa imedaka mtandao wa Zambia, ambako saa iko nyuma yetu.

"Ni mimi," nikasema.

Bosi alimwomba dada radhi. Barua ya maelezo niliipeleka mpakani mwenyewe, kwa miguu, na lori likaachiwa.

Miaka yote nimewashauri wasomaji wasihukumu kabla ya kuuliza. Dada yule aliniambia hajawahi kusoma safu hii, nami nikashukuru.